Mtaa wamesema mbwa wako ni hatari na aondolewe? Hivi ndo unavyoipinga hiyo amri (Mwanza)

Amri ya namna hii mara nyingi inakuja kwa mdomo tu. Mgambo anagonga geti jioni, au mwenyekiti anakusimamisha njiani unatoka zako sokoni, anakwambia bwana yule mbwa wako wananchi wamelalamika, ni hatari, una siku tatu umuondoe la sivyo tunakuja kummaliza wenyewe. Hapo watu wengi wanafanya moja kati ya mawili, ama wanamsafirisha mbwa usiku usiku kwa shangazi Sengerema, ama wanapandisha sauti na kuitukana serikali nzima kuanzia mjumbe mpaka mkurugenzi, na yote mawili yanakumaliza mwenyewe. Njia ya kupinga ipo, haihitaji wakili mwanzoni, inahitaji karatasi na ulimi wa adabu. Na nikwambie mapema jambo ambalo wenye mbwa hawapendi kulisikia: hakuna afisa atakayebadilisha uamuzi kwa sababu umemwambia mbwa wako ni mpole na anacheza na watoto. Wenye mbwa wote wanasema hivyo hivyo. Anachohitaji yule afisa ni kitu cha kumwonyesha aliyelalamika kwamba hatua imechukuliwa, sasa kazi yako ni kumpa hicho kitu bila mbwa kufa.

Kama kuna mtu kang'atwa, anza naye

Rufaa yako inaanzia kwa aliyeng'atwa, ofisini baadae. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 hapo hapo, achaneni na mambo ya mafuta ya taa sijui pilipili sijui kuchoma manyoya ya mbwa na kubandika, alafu hospitali, iwe Sekou Toure, Bugando au kituo chochote cha karibu chenye chanjo, na chanjo ya kichaa cha mbwa aanze siku hiyo hiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Sindano ni za awamu kwahiyo hakikisha anarudi tarehe zote alizoandikiwa, watu wengi wanaishia ya kwanza au ya pili kwa sababu ya nauli. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hamna tiba, huo ndo ukweli, na ndo sababu watu wanaogopa kiasi kile, kwahiyo usijibu woga wao kwa dharau.

Lipa. Nauli lipa, dawa lipa, na kama ni mama ntilie au dereva boda ambaye kakosa siku ya kazi basi na hiyo uifikirie. Usiende peke yako, nenda na mtu mzima anayeheshimika pale mtaani, mjumbe au mzee yeyote, mkifika mnakaa, mnasalimia vizuri, unasema pole sana mama, mbwa ni wa kwetu na matibabu yako juu yetu mpaka umalize. Kuna wanaoogopa kwamba ukisema hivyo umeshakiri mbwa ni hatari. Hapana, umekiri mbwa ni wako, jambo ambalo mtaa mzima unalijua. Andikeni karatasi fupi ya kila pesa uliyotoa, tarehe na sahihi za pande zote pamoja na shahidi. Akitaka kwenda polisi kuchukua PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) usimzuie wala usimbembeleze asiende, ni haki yake, na wewe ukionekana unamzuia basi imekula kwako. Tena ukiweza msindikize.

Nimeona mambo kama haya yakiishia pale pale sebuleni, aliyeng'atwa mwenyewe anaenda kumwambia mtendaji tumeshaelewana, wafunge tu mbwa. Hiyo sentensi moja ina uzito kuliko barua zako tano.

Siku kumi: mbwa asiuawe, asihame, asifichwe

Hapa hata viongozi wengine hawajui kwahiyo waeleze taratibu. Mbwa aliyeng'ata anatakiwa kufungiwa na kuangaliwa siku 10 chini ya macho ya bwana mifugo. Sababu yake ni kwamba mbwa mwenye virusi kwenye mate kiasi cha kuambukiza huwa anaumwa na kufa ndani ya hizo siku, kwahiyo akimaliza siku kumi mzima maana yake siku aliyong'ata hakuwa anaambukiza kichaa. Ukimuua siku ya pili umepoteza hiyo taarifa, na mgonjwa anabaki na wasiwasi mpaka maabara ipate kichwa cha mbwa ikipime, na hapa ndipo hoja yako ya kwanza ilipo: kumuua mbwa haraka kunamdhuru hata huyo aliyeng'atwa.

Ukimficha je? Umejiharibia kabisa. Watasema mbwa alikuwa na kichaa ukaogopa. Mfungie kwako, banda lenye kufuli au chumba, mtu mmoja tu mzima ndo amlishe, na mwite bwana mifugo wa kata aje amwone siku ya kwanza na siku ya kumi aandike alichokiona. Akikwambia yuko bize na mambo mengine, mwandikie ujumbe wa simu, ujumbe ubaki. Ikitokea ndani ya hizo siku mbwa amebadilika, anatoa mate mengi, sauti imekuwa ya ajabu, anang'ata miti na bati, anashindwa kumeza, basi habari ya rufaa imeisha hapo, piga simu kwa daktari wa mifugo na usimguse.

Dai maandishi

Amri ya mdomo huwezi kuikatia rufaa, utakuwa unapingana na hewa. Nenda ofisi ya mtaa au kata asubuhi, vaa vizuri, useme: mheshimiwa nimepata taarifa kuhusu mbwa wangu, niko tayari kutoa ushirikiano, naomba nipatiwe barua ili nijue natakiwa kufanya nini na kwa sheria ipi. Usiseme mna sheria gani nyie. Maneno ni yale yale ila milango inayofunguka ni tofauti.

Wakikuzungusha, wewe ndo uandike. Barua ya mistari mitano: tarehe fulani nilielezwa kwa mdomo na fulani, cheo chake, kwamba nimwondoe mbwa ndani ya siku kadhaa, naomba uthibitisho wa maandishi wa amri hiyo, sababu zake na kifungu cha sheria. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kwa kata na halmashauri barua inapita masjala, usiiache mezani kwa mtu ukaondoka, kesho atakwambia hajaiona. Nakala yenye muhuri ndo silaha yako, ipige picha hapo hapo nje ya ofisi.

Sasa isome hiyo barua kama mtu anayetafuta kasoro

Angalia nani kasaini. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa, mtendaji ni mwajiriwa, bwana mifugo ni mtaalamu, na kila mmoja ana mipaka yake. Mtaa wa mjini hauna mamlaka ya kujitungia sheria ndogo zake wenyewe, hilo ni la halmashauri (kijiji ndo kinaweza kutunga zake kwa idhini ya halmashauri ya wilaya, kwahiyo nyie wa vijijini Magu au Misungwi angalieni na za kijiji). Mkutano wa mtaa unaweza kulalamika, unaweza kuazimia kwamba mnaomba mbwa wa fulani achukuliwe hatua, lakini azimio la watu kunyoosha mikono sio hukumu ya kifo.

Alafu angalia sheria gani imetajwa. Mwanza mjini kuna halmashauri mbili, Jiji la Mwanza kwa wilaya ya Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Ukikaa Mkolani, Igoma, Butimba, Mabatini, upo Jiji. Ukikaa Pasiansi, Kirumba, Kiseke, Buswelu, upo Ilemela. Kila moja ina sheria ndogo zake, na sheria ndogo ya halmashauri haina nguvu mpaka waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ikapewa namba ya Tangazo la Serikali na mwaka. Kwahiyo omba hiyo namba, na omba usome kifungu chenyewe kwa ofisi ya mwanasheria wa halmashauri. Utashangaa mara ngapi kifungu kinasema mwenye mbwa amfungie na amchanje, au faini, na hakuna popote kinaposema mgambo atakuja na rungu.

Juu ya sheria ndogo kuna sheria za nchi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 inahusu mambo ya kichaa na nguvu za wataalamu wa mifugo, hii usibishane nayo, kama tatizo ni ugonjwa basi wana nguvu kubwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, kwahiyo hata ikiamuliwa mbwa auawe, kumtegea sumu au kumpiga mawe mpaka afe sio utaratibu. Kanuni ya Adhabu nayo inamgusa mwenye mnyama anayezembea kuchukua tahadhari watu wasidhurike, hiyo inakuhusu wewe, uijue. Na Katiba ibara ya 13(6)(a) inasema haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, lazima apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Hiyo ibara ndo mgongo wa rufaa yako yote. Kama waliamua bila kukuita, anza na hapo.

Ushahidi, hapa ndo pa kutulia

Kadi ya chanjo kwanza. Chanjo ya kichaa mbwa anaanza akifikisha miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka, kwahiyo kadi ya mwaka juzi haikusaidii sana. Angalia kama ina tarehe, sahihi ya aliyechanja, muhuri, na ile stika ya chupa yenye namba ya toleo, kadi nyingi za mitaani zimeandikwa kwa peni tu "amechanjwa" na hakuna kingine, mtu yeyote anaweza kuandika hivyo. Kama umepitwa, chanja, lakini mweleze daktari ukweli kwamba mbwa kang'ata ili apange mwenyewe siku, na usijaribu kurudisha tarehe nyuma. Wakigundua hiyo, hata ukweli wako mwingine wote hautaaminika.

Ya pili ni namna mbwa alivyotoka. Hapa Mwanza jamani uzio ni shida ya pekee yake kwa sababu ya mawe. Nyumba za mlimani, Igogo, Mabatini, Isamilo juu huko, ukuta unakuwa mzuri upande wa barabara, futi sita, geti la chuma, ukipita unasema hapa mbwa hatoki. Zunguka nyuma sasa. Jiwe limepanda taratibu kutoka uani mpaka linalingana na mgongo wa ukuta, juu yake kuna vumbi jekundu na alama za kucha, mbwa anatembea tu kama mtu anayepanda ngazi, anashukia kwenye njia ya watoto wa shule. Sehemu nyingine nguzo haikuingia ardhini maana chini ni jabali, bati limening'inia na limekunjwa kona na manyoya yamenasa pale. Itafute hiyo sehemu kabla hawajaitafuta wao. Ipige picha ilivyo, alafu izibe, alafu ipige picha tena ukiwa umesimama pale pale. Picha mbili hizo, kabla na baada, na risiti ya fundi na ya hadweya, zinafanya kazi kuliko maneno yoyote kwa sababu zinajibu swali lililo kichwani mwa afisa: itajirudia?

Ya tatu, ni mbwa wako kweli? Sio utani. Mbwa wetu wengi ni kahawia, mkia umejikunja, masikio yamesimama, na maeneo ya mialo kama Kirumba wanazurura kibao wakifuata dagaa wanaoanikwa na matumbo ya samaki, na mtoto aliyeng'atwa saa kumi na moja alfajiri gizani atasema ni mbwa wa kwa fulani kwa sababu ndo mbwa anayemjua. Kama una mtu aliyemwona mbwa wako amefungwa muda ule, mlinzi, mpangaji, muuza maziwa, aandike jina lake, anapokaa, alichokiona, na asaini. Lakini kama unajua ni wako usilete hii hoja. Mtaani watu wanajuana.

Ya nne ni nini kilitokea kabla ya kung'ata. Aliyeng'atwa aliruka ukuta usiku? Alimpiga mbwa? Mbwa alikuwa na watoto wachanga? Mtu aliingia getini bila hodi? Hii ina uzito ila iseme kwa upole, ukianza kumlaumu mtoto wa miaka sita kwamba alimchokoza mbwa utawapoteza wote mle ndani.

Na kile kibao cha HAPA KUNA MBWA MKALI ulichoandika getini kwa rangi nyekundu, ukae ukijua kinakata pande mbili. Kinamwonya mgeni ndio, lakini pia kinathibitisha kwamba wewe mwenyewe ulijua mbwa wako ni mkali, kwahiyo siku geti likiwa wazi huwezi kusema hukutegemea. Usikitoe baada ya tukio, itaonekana unafuta ushahidi. Rekebisha komeo.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja, mmoja na nusu ikizidi sana. Barua ndefu haisomwi. Inaenda kwa aliye juu ya aliyetoa amri: kama ni mtaa, andika kwa Mtendaji wa Kata, kama ni kata, andika kwa Mkurugenzi wa Jiji au Manispaa, ikipitia kwa Mtendaji wa Kata, na nakala kwa idara ya mifugo pamoja na diwani. Iwe hivi kwa mfano:

"YAH: KUPINGA AMRI YA KUMWONDOA MBWA NA KUOMBA UTEKELEZAJI USITISHWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wa ..., kata ya .... Tarehe ... nilipokea amri (nakala imeambatishwa) ya kumwondoa mbwa wangu ndani ya siku ....

Napinga amri hiyo kwa sababu zifuatazo. Sikuitwa wala kusikilizwa kabla ya uamuzi, kinyume na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Amri haikutaja kifungu cha sheria. Mbwa amechanjwa tarehe ... (kadi imeambatishwa) na yuko chini ya uangalizi wa siku 10 tangu tarehe .... Sehemu aliyopitia imezibwa (picha zimeambatishwa). Matibabu ya aliyejeruhiwa nayagharamia (makubaliano yameambatishwa).

Naomba utekelezaji usitishwe mpaka nisikilizwe, na badala ya kuondolewa, mbwa awekewe masharti niliyoyaorodhesha hapa chini, ambayo niko tayari yakaguliwe wakati wowote."

Ondoa sababu ambayo kwako sio kweli, usinakili tu. Na hilo ombi la kusitisha utekelezaji usilisahau kabisa, kwa sababu ukiandika rufaa tupu wanaweza kuja kesho yake wakamuua mbwa alafu barua yako ikajibiwa wiki ya tatu. Ipeleke ndani ya zile siku walizokupa. Kama hawakutaja siku, ipeleke kesho.

Masharti: jipangie mwenyewe kabla hawajakupangia

Huu ndo moyo wa jambo zima na ndo watu wanaruka. Mbwa ndani ya banda au kwenye mnyororo kuanzia asubuhi mpaka watu walale, anafunguliwa usiku tu geti likiwa na kufuli. Akitoka nje ya geti anashikwa kwa mkanda na mtu mzima na mdomo umefungwa. Chanjo kila mwaka na nakala ya kadi unapeleka ofisini bila kukumbushwa. Kumhasi kama ni dume, inapunguza kuzurura. Geti la pili dogo au kizuizi ili mtu akigonga mbwa asimfikie. Na ukaguzi wa bwana mifugo baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu.

Toa yale tu utakayoweza. Ukiahidi ukuta wa tofali na hela huna, mwezi ujao unakuwa umevunja masharti uliyoyatunga mwenyewe, na hapo hakuna wa kukutetea.

Siku ya kikao

Kitakuwa ofisi ya kata, viti vya plastiki, dirisha limefunguliwa na nusu ya mtaa wamesimama nje wanasikiliza. Usije na mbwa, kuna waliowahi kufikiria ni wazo zuri. Njoo na mafaili yako na mtu mmoja wa kuandika kila kinachosemwa. Aliyelalamika aanze, muache amalize hata akitia chumvi, usimkatishe, alafu anza na pole. Ukiulizwa swali la ndio au hapana jibu ndio au hapana. Ulizia kwa heshima: je, bwana mifugo amemkagua huyu mbwa, na taarifa yake inasemaje? Kama hakuna taarifa ya mtaalamu, omba iandikwe kwenye muhtasari kwamba hakuna. Na muhtasari uombe nakala.

Dini na mila nazo zinaingia, kuna majirani ambao mbwa akimgusa tu nguo ni shida, na hawajasema uongo kusema wanasumbuka. Hiyo usiibishie, ijibu kwa sharti: hatatoka, hatawafikia.

Faini na ile fomu ya kufifilisha

Mara nyingine watakwambia lipa faini tumalize. Sheria ndogo nyingi zina kitu kinaitwa kufifilisha kosa, yaani unakiri kwa maandishi kwamba umetenda kosa alafu unalipa bila kwenda mahakamani. Kama kweli mbwa alikuwa anazurura hii inaweza kuwa nafuu na haraka, mimi sioni ubaya. Ila soma unachosaini: kukiri "nilimwachia mbwa azurure" ni kitu kimoja na kukiri "ninafuga mbwa hatari" ni kingine, na hicho cha pili kitakurudia. Hela yoyote ipitie kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) na upewe stakabadhi. Hela ya mkononi "ya maji" haimwokoi mbwa, wiki ijayo anakuja mwingine na kiu yake.

Wakikataa

Panda ngazi, kila ngazi na nakala ya iliyotangulia: kata, mkurugenzi, na ukiona bado umekwama malalamiko kwa mkuu wa wilaya. Baraza la Kata nalo linaweza kuwasuluhisha wewe na jirani kama ugomvi wenyewe ni wa nyinyi wawili, na mkipatana mle ndani karatasi yenu iende kwa mtendaji.

Mahakamani kuna njia mbili usizichanganye. Kama wamekushtaki kwa kuvunja sheria ndogo, kesi kwa kawaida inaanzia Mahakama ya Mwanzo, na ukishindwa una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Kama hujashtakiwa bali unaupinga uamuzi wa ofisi wenyewe, hiyo ni mapitio ya mahakama, inafanyika Mahakama Kuu, hapa ni Kanda ya Mwanza, unaanza kwa kuomba kibali na kibali kinaombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Mahakama haitauliza kama mbwa ni mpole, itauliza kama waliofanya uamuzi walikuwa na mamlaka, kama walikusikiliza, kama walifuata utaratibu. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba uamuzi uliofikiwa bila mtu kusikilizwa ni batili. Na kama mbwa ameshauawa na unataka fidia, kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye kesi. Kwa mbwa mmoja wa mtaani gharama haitalingana, niseme tu ukweli. Huwezi kumudu wakili? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 na wasaidizi wa kisheria wapo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako.

Alafu usichukue mambo ya kwenye gugo ukayaleta ofisini. Uingereza wana Sheria ya Mbwa Hatari ya 1991 inayopiga marufuku aina kwa aina, Pit Bull Terrier, Japanese Tosa na wenzake, na mwishoni mwa 2023 wakaongeza XL Bully. Marekani miji na kaunti nyingi zina utaratibu rasmi wa kumtangaza mbwa kuwa hatari, na mwenye mbwa anapewa siku chache tu za kukata rufaa. Ni vizuri kujua, ila mtendaji wa Buhongwa hafanyi kazi chini ya hizo. Siku zako zinasomwa kwenye barua uliyopewa na sheria ndogo ya halmashauri yako.

Kama wewe ni mpangaji

Hili linasumbua wengi, mbwa ni wa mwenye nyumba anayekaa Dar, wewe ndo unamlisha na wewe ndo barua imeandikwa jina lako. Usikae kimya kwa kudhani haikuhusu, kwa macho ya mtaa anayekaa na mbwa ndo mwenye mbwa. Mpigie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, mtumie picha ya barua kwa watsap, akutumie maandishi kwamba mbwa ni wake na kwamba amekuruhusu umwakilishe, na aseme nani analipa uzio na matibabu. Hiyo iambatishe kwenye rufaa. Akigoma kujibu, andika kwenye barua kwamba mmiliki ni fulani na simu yake hii hapa, wewe unamtunza tu, na omba mbwa akabidhiwe kwa bwana mifugo kwa hizo siku 10 mpaka mwenyewe apatikane.